Hodi Kwenye Theluji

Tulipanga kutoka Sydenham kwenda Johannesburg saa nne asubuhi. Saa nane mchana bado nilikuwa nimelala chali chini ya karavani, nikihangaika na waya za taa za nyuma. Taa ya kushoto inawaka, ya kulia inagoma. Nikitengeneza ya kulia, ya kushoto nayo inazima. Nilikuwa nimelichoka lile sanduku la bati kiasi kwamba mtu angetaka kulichoma moto, ningemshikia kiberiti.

Tulikuwa tumeishi humo miezi mitatu, uani kwa rafiki yangu Désiré, tangu fleti yetu ya Umbilo ilipouzwa. Kila asubuhi pumzi zetu wenyewe zilikuwa zimegeuka maji darini, zinatudondokea usoni. Blanketi halikauki. Mireille, mke wangu, mtu wa Bukavu, alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Alitaka kujifungulia Johannesburg kwa dada yake Agathe, na alitaka aende kwa basi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuivute nyumba yetu, tukifika tuwe na pa kulala. Ubishi wangu huo naujua.

"Basi iko na heater," aliniambia tulipokuwa tunatoka mjini. "Karavani yako iko na nini?"

"Ina sisi."

Hakucheka. Alivuta koti lake hadi shingoni tulipoanza kupanda mlima wa Van Reenen.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka tisini na nane. Upepo ulikuwa unalisukuma karavani huku na huku, na kila lori lilipotupita, pikapu iliyokuwa inalivuta iliyumba nzima. Kisha vikaanza kuanguka vitu vyeupe. Mimi mtu wa Moshi theluji nimeiona tangu utotoni, lakini ile ya mbali, kileleni. Hii ilikuwa inanijia kwenye kioo cha mbele. Saa kumi na moja na nusu polisi mmoja akatusimamisha kwa tochi. Barabara imefungwa mpaka asubuhi. Akatuelekeza kwenye uwanja wa changarawe kando ya barabara, nyuma kabisa ya malori yaliyokwisha kupanga foleni.

Nilitukana kwa Kichaga, ili Mireille asielewe.

Tukahamia kwenye karavani. Maji yalikuwa yameganda kwenye bomba. Nikawasha jiko la gesi, nikaweka birika lenye maji ya chupa, lakini kwa baridi ile mtungi ulikuwa unatoa moto mdogo, dhaifu, usioweza kuchemsha hata yai. Mireille alijilaza kitandani na koti lake na viatu vyake. Nilifunga mlango kwa komeo. Nje palikuwa panaingia giza, na malori yalikuwa yamezima injini.

Kimya...

Nilikuwa nimeinama nahangaika na jiko, hasira zimenijaa, ndipo mlango ulipogongwa. Mara tatu, polepole.

"Hodi."

"Karibu," nikasema.

Hivyo tu. Sikufikiri. Tangu nijue kuongea, hodi najibu karibu, hata nikiwa nimekasirika.

Halafu nikasimama wima. Ni nani wa kupiga hodi hapa?

Komeo halikusogea. Mlango haukufunguka. Lakini baridi iliingia, baridi nyingine, yenye harufu ya sufu iliyolowa na udongo uliochimbwa sasa hivi. Benchi la mbele ya kitanda likalia, kama linavyolia mtu mzito akikaa. Mto wake ukabonyea.

"Yere," Mireille aliniita kwa kunong'ona. "Uliitika nani?"

Nilichungulia dirishani. Theluji nje ya mlango ilikuwa safi, haina hata unyayo. Nikageuka. Moto wa jiko ulikuwa bado unawaka, lakini maji kwenye birika yalikuwa yameota ganda la barafu. Mvuke wa pumzi yangu ulitoka mdomoni. Wa Mireille ukatoka.

Na wa tatu ukatoka juu ya benchi tupu.

Mireille aliweka mikono yote miwili tumboni. "Mtoto hachezi," alisema. "Depuis huyu ameingia, mtoto hachezi tena."

Nilishika kisu cha mkate. Sijui nilitaka kukifanyia nini. Nikaliambia lile benchi litoke. Nikalitukana. Nikafungua mlango wazi, upepo ukajaa ndani, na ule mvuke ukaendelea kutoka palepale, taratibu, wa mtu aliyepumzika.

"Acha kumutukana," Mireille alisema huku meno yanagongana. "Si weye ulimukaribisha? Mgeni hatoki kwa matusi. Umusindikize."

Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa na haki. Nikavaa kofia. Nikalielekea benchi.

"Mgeni... nikusindikize."

Mto ukainuka.

Nikatoka, nikatembea kandokando ya malori. Theluji ilikuwa inalia chini ya viatu vyangu, na nyuma ya bega langu la kushoto harufu ile ilikuwa inanifuata. Nilipita lori la kwanza, la pili, la saba. Kwetu mgeni ndiye hukwambia panatosha, rudi. Huyu hakusema. Vidole sikuvisikia tena. Nilipofika lori la mwisho, mbele hakukuwa na kitu ila weupe na giza, nikasimama. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Nirudi?" niliuliza.

Ikajibu sauti ya mwanamume, ya upole, sikioni kabisa.

"Hujaniuliza jina."

"Unaitwa nani?"

"Gadiel," ilisema. "Rudi sasa. Nitakuja mwenyewe."

Nilikimbia. Mireille alikuwa ameketi kitandani, analia na kucheka pamoja. Mtoto alikuwa anapiga mateke.

Asubuhi barabara ilifunguliwa. Kwenye kituo cha mafuta cha kwanza, Mireille akiwa msalani, nilimuuliza mhudumu kuhusu uwanja ule. Alikuwa mzee, Mzulu. Aliacha kufuta kioo.

"Eish," alisema. "Iko mtu alikufa pale, baridi ya mwaka juzi. Alitembea lori kwa lori, anagonga, anaita. Lugha yake hakuna aliyeijua. Hakuna aliyemfungulia."

Nikamlipa. Mireille sikumwambia, si habari za mzee yule, wala jina nililopewa kwenye theluji. Alikuwa amevumilia ya kutosha kwa sababu yangu.

Alijifungua Johannesburg wiki mbili baadaye, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Alishaamua muda mrefu kwamba wa kiume ataitwa Israël, jina la baba yake. Nesi alikuja na fomu, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikafungua mdomo nimjibu.

Mireille alikuwa bado amefumba macho kwa usingizi wa dawa.

"Gadiel," alisema.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa macho, ametulia kabisa.

Nesi akanigeukia, akauliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.