Bisi za Milembe

Jioni, aliporudi kutoka shamba la kijiji, Milembe aliinjika sufuria jikoni kwake Nkololo. Alitia mafuta kidogo na konzi moja ya mahindi ya bisi, akafunika. Watoto walichuchumaa kando ya mafiga, wakatega masikio. Punje moja ikapasuka. Nyingine ziliungua kimya.

Masele, mumewe, alichungulia sufuriani akacheka. "Mama Sayi, pamba yangu huchanua shambani. Yako hata motoni haichanui."

Kisha alisema kwamba mvua zikianza, kipande cha bisi nyuma ya nyumba kitapandwa pamba, na mbegu za bisi wapewe kuku. Milembe aliipua sufuria. Mbegu zile alipewa na mama yake alipoolewa. Walipohamia kijiji cha ujamaa, chungu cha kuzihifadhia kilivunjika njiani. Tangu hapo, kila baada ya mavuno, alitundika mahindi yake juu ya moto, kwenye moshi, yasiliwe na wadudu. Aliamini kwamba udongo wa huku umeikataa mbegu yake.

Kesho yake, baada ya darasa la kisomo cha watu wazima, alimweleza habari hiyo Wilhelmina, bibi maendeleo aliyewafundisha. Wilhelmina alifuatana naye mpaka jikoni, akatazama juu.

"Mama, udongo hauna kosa. Ndani ya punje ya bisi mna maji kidogo. Yakipata moto hugeuka mvuke. Ganda ni gumu, mvuke hukosa njia, mwisho hulipasua. Punje zako zimekaushwa mno na moshi huu."

Alieleza pia kwamba watu wa Amerika walikaanga bisi maelfu ya miaka kabla mahindi hayajavuka bahari kuja Afrika. Hata leo mataifa mengi huzipenda, maana konzi moja hujaza bakuli, watu wakala huku wakizungumza.

"Mama yangu hakuyajua ya mvuke," Milembe alisema polepole. "Lakini chungu chake cha mbegu alikifunika."

"Basi alijua la kutosha."

Walitia punje katika kopo, wakanyunyizia maji kijiko kimoja tu, zisije zikaota ukungu, wakalifunga barabara. Kila asubuhi Milembe alilitikisa.

Jumamosi aliinjika tena sufuria. Mwanzoni, kimya. Mara mlio mmoja, mwingine, kisha kifuniko kikaanza kurukaruka. Masele aliketi na watoto. Mkono wake ulirudi bakulini kabla hajamaliza kutafuna.

"Kile kipande cha nyuma," aliuliza bakuli lilipokwisha, "utakihitaji chote?"

"Chote," alijibu Milembe, akalisogeza kopo la mbegu mbali na moto.