Visikilizio vya Mzungu Vilivyovunja Nyumba Yangu

Nina miaka thelathini na minne, mkulima wa mahindi na maharage hapa Rhotia. Nayaandika haya kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi!

Upande wetu wa kilima redio ilikuwa moja tu, yangu. Spika ilikwisha kupasuka, na nyingine utaipata wapi siku hizi? Basi nilisikiliza kwa kisikilizio, kile kidude cha kuchomeka sikioni. Jioni majirani walikaa uani kwangu, mimi nasikia matangazo ya vifo, nawatangazia kwa sauti. Waliniamini.

Kisikilizio chenyewe kilikuwa cha sikio moja, kigumu, kinaumiza, na kila mtangazaji alisikika kama ana mafua. Lakini waya ulikuwa mnene na hakuna neno lililopotea.

Ndipo rafiki yangu Gabrieli, anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii kule Ngorongoro, akaja na vyake vilivyoachwa na mzungu. Vya masikio mawili! Vyepesi, vinang'aa! Nikavijaribu kwa muziki wa dansi... loh! Kwenye redio yangu kililia kimoja tu, lakini besi ilifika mpaka kwenye meno. Gabrieli akataka tubadilishane. Mke wangu akavijaribu, akasema, "Baba Yohana, kile cha zamani kinasema maneno. Hiki kinaimba tu."

Nikamcheka! Mwanamke na mambo ya redio wapi na wapi? Kipya kinyemi ingawa kidonda... nikabadilishana.

Wiki mbili hazikuisha, waya ukalegea pale unapoingia kwenye pini. Mwembamba kama uzi! Nikawa naubana kwa kidole, sauti inakuja, inakatika. Ningemwambia nani, nami nimekwisha kujigamba kijiji kizima?

Jioni moja nikasikia: "...wa Kansay... amefariki hospitalini Arusha... mazishi kesho... habari ziwafikie..." Kimya! Nikabonyeza, nikapinda, nikautukana ule waya. Wapi! Majirani wakauliza ni nani. Mke wangu, mzaliwa wa Kansay, alikuwa amempakata mtoto, ananitazama.

Nikasema, "Si mtu wetu."

Kwa nini nilisema vile? Aibu, ndugu zangu! Aibu ya kukiri kwamba Gabrieli ameniweza.

Siku ya tatu mke wangu alikwenda mnadani Karatu. Watu wa kwao wakampa pole. Pole ya nini? Ya mama yake! Alikwisha kuzikwa, na ukoo mzima ulikuwa unamsema kwamba jina lake limetajwa redioni na hakutokea.

Nilianza kumweleza habari za waya. Hakuzitaka. Aliuliza moja tu: "Neno Kansay ulilisikia?"

Nikakubali.

"Ungelitamka hilo tu, Baba Yohana, ningeondoka jioni ile ile kwa miguu."

Akafunga mzigo wake, akambeba mdogo, akaenda kwao. Huu ni mwezi wa pili. Nimetuma wazee mara mbili, wamerudi peke yao.

Wasomaji wenzangu, chombo cha kusikilizia kipimeni kwa maneno, msikipime kwa muziki. Na waya ukikatika, semeni umekatika! Ukisikia nusu, sema nusu. Mimi niliona haya mbele ya majirani sita, na mama mkwe wangu akazikwa bila binti yake.