Ufunguo wa Kabati

Simu ya Veneranda iliita saa sita mchana, betri yake ikiwa juani.

Ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe. Asubuhi kilimponyoka kikatumbukia kwenye ndoo ya kuoshea dagaa, akakifungua, akaianika betri pembeni mwa chanja ya kuanikia dagaa na simu akailaza juu ya kanga. Sasa ilikuwa inaita.

"Dada, hiyo yako inakula jua?" Agnesi, jirani yake wa chanja, alicheka. "Mimi yangu ina betri mpya na hakuna anayenikumbuka."

Kisha akaliona jina kwenye kioo: Baba Frida. Akaacha kucheka.

Leodgar, mume wa Veneranda, alikuwa na siku tisa tangu apotee ziwani. Usiku ule alikuwa na wenzake wakivua dagaa, Veneranda akampigia kumuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Mtumbwini mtandao haukumshika mtu aliyekaa. Leodgar alisimama, akasogea ukingoni, akasema "Uko..." na wimbi likapiga, likamtupa majini. Wenzake walimtafuta mpaka kukacha. Ndani ya kabati kulikuwa na sare ya Frida, binti yao wa miaka sita. Shule ilikuwa inafunguliwa keshokutwa.

Mama mkwe wake, Marcelina, alimwonya siku ileile. Mtu aliyechukuliwa na ziwa haitwi ukiwa umeelekea majini, mpaka matanga yaanuliwe. Ukimwita, huwezi kumchagua atakayeitika. Veneranda hakumwita kwa mdomo. Siku ya tatu alisimama mwaloni, pale mitumbwi inapopakua dagaa, akampigia mara arobaini huku ameelekea maji, akiamini kuita kwa simu hakuhesabiwi. Na matanga aliyakataa. Alisema hatamlilia mtu ambaye hajamwona.

Sasa aliweka simu sikioni.

"Mama Frida." Ilikuwa sauti ya Leodgar, na kile kikohozi chake kifupi kabla ya kusema. "Ufunguo uko kwenye kopo la kahawa."

Nyuma ya sauti kulikuwa na maji. Hayakuwa mawimbi. Ilikuwa kama mtu anakunywa, hapumziki.

Alikimbia nyumbani Kasingirima. Kopo lilikuwa juu ya kabati. Lilinuka dagaa wa siku tatu wasioanikwa, na ndani yake ufunguo ulikuwa umelala kwenye maji.

Hakumwambia mtu. Kila saa sita alikwenda nyuma ya kibanda cha kuhifadhia nyavu akasikiliza. Leodgar alimkumbusha bati linalovuja. Alilitaja jina la mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kabla ya kubatizwa, jina walilolijua wao wawili tu. Kwa siku nne Veneranda alikuwa mke wa mtu tena. Alikula, akalala usingizi.

Siku ya tano sauti ilisema, "Nipe Frida nimsikie."

Alimpa. Mtoto akasema "Ndiyo, baba" mara tatu, akarudisha simu, na alipoulizwa ameambiwa nini alitazama miguu yake.

Kesho yake Veneranda aligeuza dagaa, akanyoosha mkono kuchukua simu kwenye kanga akakuta kanga tupu, na alipoinua macho alimwona Frida mbele ya mitumbwi, maji yakimfika kifuani, simu sikioni, akienda polepole kama mtu aliyeshikwa mkono, na Veneranda akakimbia akipiga kelele ambazo mwenyewe hakuzisikia, akamkamata nguo, akamvuta, na kwa muda ambao hakuweza kuupima kitu kilimvuta mtoto upande wa pili kwa nguvu za mtu mzima.

"Baba amesema kumekucha," Frida alisema ufukweni, akitetemeka. "Amesema nivae sare."

Marcelina alimleta Mzee Castory wa Buzebazeba, mganga wa mambo ya ziwa. Aliisikiliza habari yote bila kuigusa simu.

"Aliyeita ni wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Atakayekata ni wewe. Mwambie matanga yameanuliwa. Kisha tuizike simu badala ya maiti."

"Na kama ni yeye, mzee?"

"Mwanangu, baba gani anamwita mtoto aende majini?"

Walikaa matanga usiku mmoja, wakayaanua asubuhi. Saa sita simu iliita.

"Matanga yameanuliwa," alisema.

Maji yale yakaacha kunywewa.

"Vene," sauti ilisema. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. "Usikate. Huku hakuna mtu. Kuna giza na sijui nyumbani ni upande gani, ongea tu, ongea chochote nijue upande, usikate, Vene, usi..."

Alikata. Marcelina alilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Simu iliwekwa kwenye shimo kando ya kaburi la mtoto wa kwanza, na Castory akasema kile kilichokuwa kinaita kimeondoka. Usiku huo Frida alilala bila kuweweseka.

Baada ya siku mbili wavuvi walileta maiti kutoka upande wa Ilagala. Veneranda aliutambua mkanda. Elikana, aliyekuwa mtumbwi mmoja na Leodgar usiku ule, alimpa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

"Shemeji, simu yake hii. Ilikuwa bado mkononi mwake. Imewaka njia nzima, tukaogopa kuifungua."

Kioo kilikuwa kinang'aa. Juu yake kulikuwa na jina, Mama Frida, na muda wa maongezi. Zilikuwa siku kumi na saba, tangu usiku wa lile wimbi, na sekunde zilikuwa bado zinahesabiwa.

Aliiweka sikioni. Alitaka kumwambia kwamba anamsikia, kwamba nyumbani ni upande huu. Alisubiri kile kikohozi.

Aliyekuwa anaongea ni mwanamke. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya haraka, yenye kukereka kidogo, ikisema na kurudia bila kupumzika:

"Baba Frida, ufunguo wa kabati uko wapi? Baba Frida, ufunguo wa kabati uko wapi?"