Makufuli Mawili ya Mururu

Odette alisema aliona kwa macho yake. Asubuhi ile, alisema, alikuwa anatoka Bukavu. Alivuka daraja la Rusizi II kuingia Rwanda, na ungo wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani. Alipofika Mururu akamwona Ridhwani, yule mwenye kiduka, amesimama na mtu wa sekta, ofisi ya serikali ya pale. Ridhwani akanyoosha kidole kwenye kanisa. Odette aliporudi jioni, kanisa lilikuwa na kufuli.

“Ba-Islamu banataka kiwanja yetu,” Odette alisema. “Leo banafunga kanisa, kesho banapandisha musikiti. Na ule Ridhwani anataka tumupigie kura akuwe mukubwa wa mudugudu, kijiji yetu! Asahau.”

Patricie alikuwa anachambua mchele. Yeye na mama yake walirudi Rwanda kutoka Congo, na mama alizeeka na Kiswahili mdomoni. Kanisa lile dogo la matofali ndimo pekee alimoelewa mahubiri. Likifa, atasali wapi?

“Ulisikia Ridhwani akisema nini?”

“Kusikia? Mi nilikuwa mbali, Maman Patricie. Lakini kidole niliona!”

Neno halina miguu, lakini lilifika kila nyumba. Watu wakaanza kukipita kiduka cha Ridhwani kama wanaruka shimo. Chumvi wakaifuata mbali, chini ya kilima.

Patricie hakuruka. Alijifunga kitenge vizuri, akapanda njia ya msikiti. Njia ile aliiona kila siku, lakini hakuwa amewahi kuipanda. Alikuwa amepanga maneno makali. Yakamfia mdomoni. Mlango wa msikiti nao ulikuwa na kufuli.

Nyuma ya msikiti alimkuta Ridhwani ndani ya shimo, matope mpaka magotini. Alikuwa anachimba choo.

“Karibu, Maman. Umekuja kunisaidia ao kunigombeza?”

Patricie akacheka bila kupenda. “Kukugombeza, Papa Ridhwani. Lakini sasa sijue nianzie wapi. Na ninyi balibafunga?”

“Siku moja na ninyi. Mutu wa sekta aliniuliza njia ya kanisa yenu, nikamuonyesha.”

“Na kidole?”

“Na kidole, ndiyo. Ningemuonyesha na mguu?”

Patricie aliketi juu ya jiwe. “Basi, hawataki tusali?”

“Hapana. Kusali ni haki ya kila mutu. Mukristo, Muislamu, hata ule asiyesali, hakuna wa kumulazimisha. Lakini nyumba ya batu wengi inaomba choo. Inaomba mulango wa pili, moto ikiwaka batu batoke. Na chuma ya radi juu ya paa.”

“Chuma ya radi? Pasta wetu anasema Mungu hawezi kupiga nyumba yake mwenyewe.”

“Hata sisi tulisema vile.” Ridhwani akapangusa jasho. “Mvua ya mwaka jana, radi ilipiga wapi?”

“Ilipiga ng’ombe ya dada yangu.”

“Ile ng’ombe ilikosa nini?”

Patricie akainua macho kwenye paa la msikiti.

“Radi haichague, Maman. Chuma inaikamata juu, waya inaishusha mpaka ndani ya udongo. Batu banabaki bazima. Mukimaliza, muite ba sekta bakuje kuangalia. Musisali kwa kujificha.”

Jumapili watu wa kanisa walikusanyika kwenye majani, nje ya mlango uliofungwa. Pasta Akilimali alisema ni wakati wa kufunga na kuomba dhidi ya adui. Patricie akasimama. Hakuzoea kusema mbele ya watu. Lakini alisema.

“Pasta, ng’ombe ya dada yangu ilikosa nini?”

Akawaeleza yote: kufuli la msikiti, kidole kilichoonyesha njia tu, shimo la choo, chuma cha radi. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Pasta alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

“Basi tuombe tukishika jembe,” alisema.

Walioshinda kazini huko Muganza walirudi jioni na bado wakachimba choo cha kanisa. Wanawake walibeba mawe na mchanga. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, Ridhwani alishuka na watu wake, wakatoboa ukuta pamoja kwa ajili ya mlango wa pili. Kisha wote wakapanda msikitini na majembe yao, na chuma cha radi kikasimama juu ya kila paa. Ilikuwa vizuri kuona.

Watu wa sekta walikuja, wakaangalia, wakatoa makufuli yote mawili. Jumapili ya kwanza radi ilinguruma juu ya kilima. Hakuna aliyekimbia. Mama yake Patricie aliimba kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya mvua.

Kesho yake Patricie alimkuta Odette njiani na ungo wake. Ng’ambo ya njia, Ridhwani alikuwa anafungua kiduka.

“Maman Odette,” Patricie alisema polepole, “vuka umuambie tu: nilisema neno nisilolijua.”

Odette aliutua ungo. Akapanga upya samaki waliokuwa wamepangika. Akautia kichwani, akautua tena.

Patricie alisimama pale, akangoja.