Asifungue Mlango

Watazamaji wa sinema ya saa nane mchana walitoka wakibishana ukumbi mzima. Picha ilikuwa imeishia pabaya: mume aliyetoweka miaka mitano anagonga mlango, mke anashika kitasa, halafu giza. Basi. Kama alifungua, hakuna aliyejua.

"Mimi nisingefungua ng'o!" alisema mshonaji mmoja, binti mrefu ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe.

"Alifungua," mwanamume akadakia nyuma yake. "Ulimi wa kitasa ulisharudi ndani. Mimi fundi vitasa, dada, hayo siyakosei."

"Wewe umeangalia kitasa, kaka. Mimi nimemwangalia mwanamke."

Fundi akacheka mpaka shati lake jeupe likachomoka kiunoni. Ubishi uliwafikisha kituoni, ukahamia kwenye simu, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wapenzi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na bado nasema asifungue."

"Una roho ngumu wewe!"

"Ndiyo maana umenasa."

Mwezi wa nne wa penzi lao simu zikaanza kupungua. Mshonaji akajipa moyo kwamba ni kazi tu, hadi dada yake fundi alipokuja kupima gauni.

"Pole, wifi," alisema dada mtu akiwa amenyoosha mikono. "Mwaka mzima si mchezo. Hospitali mpya, milango mia nne, na Jumatatu anaondoka."

"Nani anaondoka?"

Dada mtu akashusha mikono. "Kwani hajakwambia?"

Mshonaji hakumaliza kupima. Alitoka na futi yake ikining'inia shingoni, akavuka mitaa mitatu kwa hasira, akamkuta fundi kwenye karakana yake akipanga bisibisi kwenye sanduku.

"Ungeniambia lini? Ukishafika?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Niliogopa. Tangu siku ya kwanza umesema mtu akiondoka, akirudi hafunguliwi. Nikaona heri nisiulize kuliko kukataliwa."

Mshonaji alimkazia macho. Alimpenda mjinga huyu, na alimpenda hata sasa alipotamani kumchapa na ile futi.

"Yule mume alikosa nini kwenye ile picha?"

"Aliondoka."

"Watu wanaondoka kila siku! Aliondoka bila kuaga. Kosa lake ni hilo, na wewe ulikuwa umeshalipakia sandukuni."

Fundi aliketi juu ya benchi lake la kazi, mikono kichwani. Kisha akainuka na kumshika mshonaji mikono yote miwili.

"Nisamehe, mpenzi. Naondoka Jumatatu, kwa mwaka mmoja. Nakuaga, na nakuomba unisubiri."

"Sitakusubiri."

Fundi akamwachia mikono.

"Watu wa huko nao wanavaa nguo," akasema mshonaji, akimtengenezea kola. "Kesho njoo umwone baba, unitolee posa kama mwanamume. Hiyo hospitali ianze na mafundi wengine. Wewe utafika ukiwa na mkeo."