Picha Juu ya Marehemu Bertolillo

Mkono wa tatu ulijitokeza Jumanne, kasri zima likiwa limelala usingizi wa mchana. Mencía, kibeti wa kumchekesha Malkia, alikuja kuitazama picha yake mpya. Pichani, mikono yake miwili ilikuwa imetulia mapajani, lakini begani pake ulikaa mwingine, mnene, wa kiume.

"Fundi Ginés, nani huyu kanishika?"

"Bertolillo," mchoraji akajibu.

Bertolillo, mchekeshaji aliyezikwa kabla ya Kwaresima! Kumbe Ginés, bahili wa kutupwa, alimchora Mencía juu ya picha ya marehemu ili asinunue kitambaa kipya cha kuchorea. Kila mfagiaji alilijua hilo, isipokuwa Mencía mwenyewe.

"Umenilaza na maiti, mshenzi wewe!"

"Rangi tu hiyo, bibie. Nitaifunika."

Akaifunika. Kesho yake ikaanza harufu ya kitunguu saumu, alichokuwa akitafuna Bertolillo kutwa, na ambacho Malkia hakutaka hata kukisikia, kisha njuga za kofia ya marehemu zikalia ndani ya ukuta, kisha ndani ya mto, kisha, Mencía akiwa mbele ya Malkia, amefungua kinywa aitanie pua ya balozi, zikalia kooni mwake mwenyewe, ikatoka sauti nzito ya mwanamume: "Nirudishieni uso wangu!"

Malkia akaziba pua. "Ukirudia hayo, Mencía, utalala barabarani."

Barabarani, ambako watoto humrushia kibeti mawe!

Padre akaitwa, akainyunyizia picha maji ya baraka. Picha ikacheka.

"Mpe anachotaka," padre akanong'ona, jicho mlangoni.

Mencía akashika kisu cha rangi, akajikwangua pale pichani: paji, macho, kidevu. Chini yake Bertolillo akatokea, meno kwanza.

"Mkono wa kulia niachie!" Ginés akalia. "Sijawahi kuchora mkono mzuri kama huo!"

Mencía naye kwa kupenda sifa! Akautazama. Ulikuwa mzuri kweli. Akauacha palepale, kwenye mwili wa Bertolillo.

Njuga zikanyamaza. Siku tatu Malkia alicheka mpaka machozi. Ya nne, mezani, Mencía alitaka chumvi, mkono wake wa kulia ukakataa. Ulitambaa wenyewe, baridi kama jiwe, ukaupita mkate, ukazipita zeituni, ukachukua kitunguu saumu, ukakimenya taratibu. Mencía akauma meno, akaukamata kwa ule wa kushoto. Ukamshinda. Ukampapasa midomo, kwa upole, ukaifungua.

Upande wa pili wa meza, Malkia akaweka kijiko chini, akanusa.