Kila Mtoto na Mchezo Wake

Fundi alikuwa na mimba ya miezi minane. Wifi yake, dada wa mumewe, naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Walishona katika chumba kimoja, cherehani zao zimekaribiana kama meno.

Mtoto wa wifi hakutulia. Akipiga teke tu, wifi huita, "Mama, njoo umshike mjukuu wako." Mama mkwe huacha pasi akaja anacheka. Fundi huinama na kukanyaga cherehani kwa nguvu. Kijicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku hiyo mama mkwe alimgeukia. "Na wako, mwanangu?"

"Wangu? Anacheza ngoma, mama."

Ulikuwa uongo. Kila siku, cherehani ikisimama, mtoto wake alijigeuza taratibu. Tangu jana hakujigeuza. Fundi alijifariji kwamba anamsikia, kumbe ni meza inayotikisika.

Mchana sindano ilivunjika. Cherehani ikasimama. Fundi akasubiri. Kimya. Machozi yakamtoka.

"Wifi, unalilia sindano?" mwenzake aliuliza.

"Mtoto hachezi. Tangu jana."

"Na ile ngoma?"

"Niliona haya. Wako ana mbwembwe, wangu je?"

Wifi aliacha cherehani yake. "Kijicho tutakirudia baadaye. Inuka twende."

Hospitalini mkunga alisikiliza moyo wa mtoto. "Unapiga, lakini mapigo hayaniridhishi. Kwa nini hukuja jana?"

"Nilisikia mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa."

"Si kweli. Hucheza mpaka siku ya kuzaliwa. Wala usimpime kwa mtoto wa mwenzako. Kuna wapole, kuna watundu. Mjue wako, anavyocheza na wakati anaocheza. Akipunguza au akibadilika, njoo siku hiyohiyo. Usingoje kesho."

Fundi alifanyiwa upasuaji saa ileile. Mtoto alitoka mdogo, lakini alilia mpaka wauguzi wakacheka.

Tangu hapo wifi alisimamisha cherehani kila siku, akatulia kumsikiliza wake.

Fundi aliporudi nyumbani, mama mkwe alimpakata mjukuu, hakumwachia mtu.

"Mama, na huyu anapiga teke," wifi alisema, mkono tumboni.

Mama hakugeuka hata kidogo.

Wifi akamkonyeza fundi. "Haya, leo ni zamu yangu kukuonea wivu."